BEI YA UYOGA DUKANI NA FUNGU LA MKULIMA

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi waliokutana Mtae, Wilaya ya Lushoto. Yanachapishwa hapa kwa faida ya vyama ambavyo havikuweza kuhudhuria.)

Nimetakiwa niseme machache juu ya kilimo cha uyoga na bei yake katika maduka makubwa ya kujihudumia, yale ambayo wengi wetu huyaita supamaketi. Sababu ya kutakiwa hivyo inafahamika. Mwanachama anaposafiri kwenda Dar es Salaam au Arusha na kuona pakiti ndogo ya uyoga rafuni, yenye uzito wa robo kilo tu, na kando yake bei ambayo hapa ingenunua debe la viazi, hurejea nyumbani akiwa na hesabu kichwani. Huizidisha bei ile mara nne apate bei ya kilo, kisha huizidisha kwa kilo zote anazotumaini kuvuna. Jumla yake humvutia, naye huja kwa Katibu kuuliza kama chama kinaweza kumsaidia kupata mkopo wa kujenga banda.

Sikuja kumvunja moyo mwanachama huyo. Nimekuja kusema kwamba hesabu yake imeanzia mahali pasipostahili. Bei iliyoandikwa rafuni ni bei ya duka. Fungu la mkulima ni kile kinachobaki baada ya wengine wote kuchukua chao, na baada ya siku kadha wa kadha kupita. Kwa hiyo, kabla chama hakijafungua daftari la mikopo, hakina budi kujibu maswali mawili: katika bei ile, kiasi gani ni chetu? Na kitatufikia lini?

UYOGA NA MAZINGIRA YETU

Uyoga unaolimwa kwa wingi na wakulima wadogo katika nchi yetu ni ule uitwao mamama. Huota juu ya mabaki ya mimea: mabua ya mahindi, makapi ya maharage, majani makavu ya migomba, maranda ya mbao. Mabaki hayo hukatwakatwa, hulowekwa, huchemshwa au kufukizwa kwa mvuke ili kuua vijidudu, kisha hupoozwa na kutiwa katika mifuko pamoja na mbegu. Mbegu yenyewe huzalishwa maabara juu ya punje za nafaka. Mifuko hukaa gizani kwa muda wa wiki tatu hivi mpaka utando mweupe uenee, ndipo hupewa mwanga kidogo, hewa na unyevu mwingi ili uyoga uchipue.

Upo pia uyoga wa vifungo, ule mweupe wa mviringo. Huo ni mgumu zaidi kuulima. Hutaka mboji iliyoandaliwa kwa uangalifu mkubwa, na wakati wa kuchipua hutaka ubaridi wa nyuzi 14 hadi 18 za sentigredi. Mtu wa pwani apendaye kuulima hana budi kununua ubaridi huo kwa umeme. Sisi wa Mtae, tulio ukingoni mwa milima tukizitazama mbuga za Mkomazi chini yetu, tumepewa ubaridi na ukungu bila malipo. Hiyo ni faida ya kweli, nasi tusiidharau.

Wala tusidhani kwamba ni jambo geni katika mkoa wetu wa Tanga. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha, tangu miaka ya 2000, matokeo ya majaribio ya kuotesha uyoga juu ya mabaki ya mkonge, yale yanayotupwa baada ya singa kutolewa. Mkonge huo ndio ulimwao katika nchi tambarare iliyo chini ya milima yetu. Kwa hiyo malighafi ipo, hali ya hewa ipo, na maarifa yapo. Tatizo letu liko sokoni.

TABIA YA UYOGA

Kila zao lina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo inayompa mnunuzi au mwuzaji nguvu. Mwenye maharage anaweza kuyaweka ghalani akingoja bei ipande. Mwenye viazi anaweza kuviacha shambani wiki mbili. Mwenye uyoga hana siku za kungoja. Katika kila kilo 10 za uyoga mbichi, kilo 9 hivi ni maji. Ukikaa katika joto la kawaida, siku ya pili huanza kunyauka na kubadilika rangi. Ukiwekwa katika jokofu mara baada ya kuchumwa, waweza kudumu wiki moja hivi.

Sasa tuipime njia yetu. Kutoka Mtae hadi Lushoto ni mwendo wa kilomita 60 hivi za kona na miteremko. Kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ni kilomita 33 hivi. Kutoka Mombo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300. Uyoga uliochumwa alfajiri hapa hufika mjini ukiwa umekwisha kula sehemu ya uhai wake njiani. Duka linajua hivyo, na dereva anajua hivyo. Kila anayeushika anajua kwamba mwenye mali hawezi kusema, "Basi, naurudisha nyumbani nitauza mwezi ujao." Huo ndio udhaifu wetu tunapokaa kupatana bei.

BEI YA RAFUNI HUJENGWA NA NINI?

Duka kubwa lina kodi ya jengo, umeme wa majokofu usiku na mchana, mishahara, ushuru wa serikali, na hasara ya vitu vinavyoharibika. Hayo yote hutoka katika tofauti iliyopo kati ya bei linayonunulia na bei linayouzia. Tusiwaite wenye maduka walanguzi kwa sababu tu wanaongeza bei. Tujue tu kiasi cha nyongeza hiyo, na tujue ni gharama zipi wanazozibeba wao na zipi wanatusukumia sisi.

Natoa sasa hesabu ya mfano. Tarakimu hizi si bei za soko la leo. Nimezichagua ili hesabu ionekane wazi, na kila Katibu aweke mahali pake tarakimu za kweli atakazozipata kwa kuuliza.

Tuseme wanachama wanaleta chamani kilo 110 za uyoga kwa juma. Baada ya kukata mashina, kuondoa uliovunjika, na kwa sababu ya maji yanayopotea, zinabaki kilo 100, yaani pakiti 400 za gramu 250. Rafuni pakiti inauzwa shilingi 4,000, ambayo ni shilingi 16,000 kwa kilo. Duka linatulipa shilingi 2,800 kwa pakiti. Lakini mapatano yanasema kwamba duka litalipa pakiti zilizouzwa tu, na zile zisizouzwa ni hasara ya mleta mali. Tuseme pakiti 60 hazikuuzwa.

Pakiti 340 kwa shilingi 2,800 ni shilingi 952,000. Tutoe gharama: vifungashio na lebo vya pakiti 400, kwa shilingi 250 kila kimoja, ni shilingi 100,000. Usafiri na masanduku ya barafu, shilingi 120,000. Ujira wa wafungaji na ushuru wa chama, shilingi 50,000. Jumla ya gharama ni shilingi 270,000. Zinabaki shilingi 682,000. Tukizigawa kwa kilo 110 walizoleta wanachama, kila kilo inapata shilingi 6,200.

Ndugu zangu, katika shilingi 16,000 alizoziona mwanachama wetu rafuni, zilizorudi Mtae ni 6,200, yaani pungufu kidogo ya sehemu 39 katika kila 100. Na hapo bado hajatoa gharama zake mwenyewe za mbegu, mifuko, kuni na kazi ya mikono yake.

LUMBESA ILIYOJIFICHA

Sisi wakulima wa Usambara tunaijua lumbesa. Tumeiona katika kabichi na katika viazi: gunia linajazwa kupita mdomo wake, linasukwa kamba juu, nalo linalipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo imeikataza, na Wakala wa Vipimo hupita kuikagua. Mwanachama akiona mizani ya duka kubwa, yenye kuonyesha gramu mpaka ya mwisho, husema moyoni kwamba huku hakuna lumbesa.

Kwenye mizani haipo. Yapasa kuitafuta katika karatasi ya mapatano. Tazameni tena hesabu yetu. Zile pakiti 60 zilizorudi tulizilima, tukazichuma, tukazifunga, tukazisafirisha, wala hatukulipwa hata senti moja. Kama duka lingezilipia, mapato yangekuwa shilingi 1,120,000, na baada ya gharama zingebaki shilingi 850,000, yaani zaidi ya shilingi 7,700 kwa kilo badala ya 6,200. Ili tuipate faida hiyohiyo kwa kupandishiwa bei, duka lingelazimika kutuongezea karibu shilingi 500 kwa kila pakiti. Hakuna mnunuzi atakayetuongezea kiasi hicho kwa wepesi. Lakini sentensi moja ya mapatano, isemayo nani atabeba hasara ya mali isiyouzwa, ina thamani hiyohiyo.

Ikiwa duka halikubali kuubeba mzigo huo, basi iko njia ya pili iliyo mikononi mwetu: kupeleka kiasi kinachouzwa. Kama daftari linaonyesha kwamba kwa wiki nne mfululizo pakiti zinazouzwa hazizidi 340, kwa nini tupeleke 400? Pakiti 340 zitaleta fedha ileile, gharama ya vifungashio itapungua, na zile kilo 15 zitabaki kwetu, tuziuze karibu zikiwa mbichi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya uyoga hupotea kwa siku tatu.

MALIPO YA BAADAYE

Sasa naja kwenye swali la pili: fedha zitatufikia lini? Maduka makubwa mengi hayalipi siku ya kupokea mali. Yawezekana yakaandika siku 30 au 60, na huenda siku hizo zikaongezeka. Katika mfano wetu, duka likilipa baada ya siku 60 nasi tunapeleka mzigo kila juma, tutakuwa tumekwisha pokelewa mizigo minane ambayo haijalipwa hata mmoja. Mizigo minane ni shilingi 7,616,000. Fedha hizo ni za wanachama. Kwa lugha iliyo wazi, mkulima wa Mtae atakuwa amelikopesha duka la mjini, bila riba na bila dhamana.

Kwamba hatari hii ni ya kweli, historia ya karibuni ya Afrika Mashariki inashuhudia. Kampuni ya Uchumi kutoka Kenya ilifunga maduka yake yote ya Tanzania na Uganda mwezi Oktoba 2015, na wauzaji waliokuwa wakiipelekea mali walibaki wakidai. Kampuni ya Nakumatt, nayo ya Kenya, ilichukua maduka ya Shoprite hapa nchini mwaka 2014. Miaka michache baadaye ilishindwa kulipa madeni yake, na mwezi Januari 2020 wadai wake walipiga kura ya kuivunja. Miongoni mwa wadai walikuwamo wauzaji wengi. Huko Kenya mambo hayo yalichangia kuifanya serikali irekebishe Sheria ya Ushindani mwaka 2019, na kutaja waziwazi kwamba kuchelewesha malipo ya muuzaji bila sababu ya haki ni matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi.

Sisemi kwamba kila duka litaanguka. Yako yanayolipa vizuri. Nasema kwamba mwenye zao lisilongoja asikubali malipo yanayongoja, ila kwa kiasi ambacho chama kinaweza kukipoteza bila kuvunjika. Kila chama kiweke mpaka: deni la duka likifikia mizigo kadha, tuseme mitatu, mzigo wa nne usiteremke mlimani mpaka wa kwanza ulipwe.

MASOKO YA KARIBU

Wako watakaouliza: kama si duka kubwa, tutauza wapi? Jibu langu ni kwamba duka kubwa liwe moja ya masoko, lisiwe soko pekee. Turudi katika mfano wetu. Tuseme uyoga uleule, kilo 110, unauzwa Lushoto, Soni na Mombo kwa nyumba za wageni, mikahawa ya wasafiri na majiko ya shule, kwa shilingi 7,000 kwa kilo, fedha mkononi. Baada ya kuondoa mashina tu, zinabaki kilo 105. Mapato ni shilingi 735,000. Tukitoa shilingi 30,000 za basi na vikapu, zinabaki 705,000, yaani shilingi 6,400 kwa kila kilo iliyoletwa. Bei iliyoandikwa ni chini ya nusu ya ile ya rafuni, lakini inayoingia mfukoni imezidi, tena siku ileile. Hamadi kibindoni, silaha iliyo mkononi.

Ugumu wa soko hili ni udogo wake. Lushoto haiwezi kula uyoga wote ambao vyama vyote vinaweza kuulima. Kwa hiyo vyama visishindane kushushiana bei mlangoni mwa mkahawa mmoja. Vigawane siku na vigawane wateja.

Kuhusu kukausha, nina tahadhari moja. Kilo 10 za uyoga mbichi hutoa kilo moja hivi ya mkavu. Kwa hiyo, kama mbichi unatupatia shilingi 6,400, kilo ya mkavu isiyofika shilingi 64,000, pamoja na gharama ya kukausha na kufunga, ni hasara. Ukungu wetu nao hauturahisishii kazi ya kukausha kwa jua. Kukausha kufae kwa uyoga mzuri uliozidi mahitaji ya juma, wala si kwa ule uliokwisha kuharibika.

WAJIBU WA CHAMA

Mkulima mmoja mwenye mifuko 50 hawezi kupatana na duka la mjini. Hapo ndipo chama kinapokuwa na kazi. Kwanza, duka hutaka kiasi kilekile kila juma. Hilo haliwezekani kama wanachama wote wanatia mbegu siku moja na kuvuna siku moja. Katibu aandike ratiba, kila kundi lianze kwa zamu, ili mavuno yafuatane.

Pili, uyoga peke yake hauwezi kulipia gari. Miaka ya 2000, kikundi cha wakulima wa Lushoto kiitwacho Usambara Lishe Trust kilikuwa kikipeleka Dar es Salaam mboga za aina nyingi kwa mahoteli na maduka makubwa. Njia ya namna hiyo ndiyo inayotufaa: uyoga upande gari moja na letasi, karoti na mboga za majani, na gharama ya safari igawanywe.

Tatu, bidhaa inayofungwa kwa ajili ya rafu ina masharti yake. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa vyakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Maduka mengi pia hutaka alama za mistari zinazosomwa na mashine. Gharama hizo zihesabiwe kabla ya mkopo, zisije zikagunduliwa baada yake.

Nne, mapatano yaandikwe. Kabla Katibu hajatia sahihi, ayasome mbele ya wanachama maswali haya matano, na jibu la kila moja liandikwe katika kitabu cha kumbukumbu:

1. Duka litatulipa shilingi ngapi kwa pakiti, na pakiti ni gramu ngapi?
2. Nani anabeba hasara ya pakiti zisizouzwa, na nani anazihesabu?
3. Malipo ni baada ya siku ngapi, na siku hizo zinaanza kuhesabiwa lini: siku ya kupokea mali au siku ya kupokea hati ya madai?
4. Nani analipa usafiri, na nani mwenye mali gari likikwama njiani?
5. Tukipungukiwa na mavuno juma moja, tutatozwa nini?

Jibu la swali lolote likiwa "tutaona," sahihi isitiwe.

Ndugu Wanachama, uyoga ni zao jema kwa watu wenye mashamba madogo kama sisi. Hautaki ekari, hauli udongo wa miteremko yetu, na akina mama wengi wanaweza kuulima karibu na nyumba. Nisingependa kuona zao jema linachukiwa kwa sababu ya hesabu mbaya. Chama kinachotaka kuanza kianze na mifuko michache, kiuze karibu kwa fedha taslimu kwa misimu miwili, kiweke daftari la kila kilo iliyoingia, iliyouzwa na iliyotupwa. Kisha, chenye daftari hilo mkononi, kiende mjini kupatana. Mnunuzi humheshimu mtu anayejua gharama yake mwenyewe.

Na mwanachama atakayekuja kesho akisema ameona bei kubwa rafuni, Katibu asimfukuze wala asimsifu. Amkalishe, ampe kalamu, waanze hesabu pamoja, wakianzia bandani badala ya rafuni.